Jumapili za Mama Mwavuli

Tulipomzika Ta Kaiza, yaani Mzee Kaiza, jirani yetu wa Kiruruma, watu walisimama mmoja mmoja kando ya kaburi, nyuma ya nyumba yake pale migomba inapoanzia, wakataja mema yake. Mmoja alisema marehemu alikuwa mzee wa kanisa asiyejua kuchelewa ibada. Mwingine alisema kahawa yake haikuwahi kukutwa na kokoto. Kwaya ikaimba, mvua ikatishia, wanawake wakajifunika vitenge vichwani. Mimi nilikuwa na la kwangu la kusema, na lilikuwa limenijaa kifuani, lakini kila nilipolipanga mbele ya mchungaji na wazee wale wenye makoti nililiona la kitoto. Ningeanzaje? Kwamba marehemu alitufungulia nyumba yake kila Jumapili tuwatazame Wachina wakirukiana juu ya mapaa? Nikatupa udongo wangu kama wengine.

Kabla sijaondoka, mwanawe mkubwa, niliyesoma naye, aliniita sebuleni akanikabidhi boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya mgomba.

"Nilitaka kuzitupa," akasema. "Halafu nikamkumbuka Kemi. Chukua wewe."

Nilipofungua ilinijia harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu utotoni: plastiki iliyokaa sana, vumbi, na buni kavu, maana chumba zilimokaa ndicho Ta Kaiza alichohifadhia pia magunia yake. Ndani mlikuwa na diski, zimekwaruzika kama sufuria zilizosuguliwa kwa mchanga.

Nimezitazama zile zinazokubali kucheza. Niwaambie ukweli, ninyi wa rika langu mliolelewa na picha hizi kama mimi: ni tamthilia mbovu. Kamba inayomnyanyua shujaa kwenda juu ya paa inaonekana, tena inang'aa. Mvua inanyesha juu ya watu wawili wanaozungumza, na nyuma yao jua linawaka na vivuli vimelala chini. Mtu mmoja mwenye kidevu kirefu anauawa vitani, anauawa tena vita vya pili, na siku ya harusi yuko jikoni anabeba mitungi. Mwanamke anajichora sharubu za wino, na tangu hapo hata mama yake mzazi hamtambui. Mapanga yanapepea kama majani ya mgomba. Kuna jiwe kubwa linaloporomoka mlimani kumwangukia farasi, linadunda mara moja, linadunda tena, kama mpira. Na wimbo ni mmoja tu, wa furaha huohuo, wa msiba huohuo.

Na bado nilitazama mpaka chai yangu ikapoa, na nilipofika lile jiwe nikashika mdomo kwa hofu kwa ajili ya farasi.

Jina lake halisi hatukulijua. Juu ya diski kulikuwa na herufi za Kichina na picha ya mwanamke aliyevaa joho jeupe, ameshika mwavuli wa karatasi. Kwa hiyo sisi tuliiita Mama Mwavuli. Baba yake, bingwa wa mapanga, aliuawa na mtu aliyefunika uso. Mtoto akalelewa na Mwalimu, mzee mwema mwenye ndevu nyeupe, akamfundisha kupigana. Alipokua akaingia njiani kumtafuta muuaji, na ndani ya mpini wa mwavuli wake mlikuwa na kisu chembamba. Hayo tu. Lakini yalichukua diski nyingi mno, kwa sababu kila alipokaribia kumpata muuaji, mtu fulani aliugua, au aliolewa, au alianguka kwenye korongo akapoteza kumbukumbu.

Ta Kaiza alikuwa amenunua tivii, deki na sola baada ya msimu mmoja mzuri wa kahawa. Betri yake haikuwa na nguvu ya kuchezewa. Siku za kazi aliitunza kwa taarifa ya habari, na Jumapili, baada ya ibada na chakula, jua likiwa limeishibisha, alitoa kichwa mlangoni akaita, "Wenye miguu safi waingie!" Tulikuwa tumeshajifuta miguu kwa majani mabichi kwenye kibanja chake, lile shamba la migomba na kahawa, tukaingia tukitoa shikamoo mmoja baada ya mwingine. Wanawake wazima walikaa kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, bibi yangu akiwa mbele kabisa kwa sababu ya macho yake. Sisi watoto tulikaa chini kwenye jamvi. Sebule ilinukia matoke, sweta zenye unyevu, na ule utamu mchachu wa kahawa iliyoanikwa nje na maganda yake.

Picha ilikuwa ya Kichina, na chini yake yalipita maandishi ya Kiingereza. Hakuna aliyeyaelewa isipokuwa Ta Kaiza, na yeye pia hakuyaelewa sana. Alisimama kando ya tivii na fimbo mkononi, kama mwalimu ubaoni, akisoma haraka kabla hayajapotea. Alitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili yetu, kisha kwa Kinyambo kwa ajili ya bibi zetu, na palipomshinda alijaza mwenyewe kwa yale anayoyafahamu.

"Anasema hivi," alitangaza siku moja, majemadari wawili walipokuwa wakitazamana kwa ghadhabu juu ya daraja. "Anasema, 'Wewe ndiwe uliyehamisha mpaka wa kibanja cha baba yangu.'"

"Mawe!" bibi yangu akaita mama yake kwa Kinyambo, akashika kichwa. "Hata huko?"

"Hata huko. Na mwenzake anamjibu, 'Twende kwa mwenyekiti.'"

Basi kwa miaka mingi niliamini kwamba Uchina yote ilikuwa ikigombania mipaka ya migomba. Nilitafuta migomba yenyewe nyuma ya mapigano sikuiona, nikadhani wameificha isikatwe na mapanga.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa juu ya mfalme. Kwa Kinyambo mfalme ni Mukama, kama walivyoitwa wafalme wa Karagwe ya zamani. Ila mimi neno hilo nililijua kutoka kanisani, ambako Mukama ni Bwana Mungu. Kwa hiyo yule mtu aliyekaa juu ya kiti cha dhahabu, mwenye shanga zinazoning'inia mbele ya uso, Ta Kaiza alipomwonyesha kwa fimbo na kusema "Huyu ndiye Mukama," nilijua nimemwona. Sikushangaa kwamba ni Mchina. Nilishangaa tu kwamba ni mnene. Na siku alipotiliwa sumu kwenye chai na mke wake mdogo nililia kwa sauti mpaka nikatolewa nje. Jioni ile mama alinikuta nimepiga magoti nyuma ya jiko namwombea. Aliponiuliza namwombea nani, nikamwambia namwombea Mungu apone. Mama alinishika paji la uso kuona kama nina homa.

Sasa nimtaje Kemi. Kemilembe ni mdogo wangu, anayenifuata. Alipokuwa anaanza kusema maneno aliugua homa kali iliyomlaza muda mrefu, na alipopona masikio yalikuwa yamefungwa, na yale maneno machache yakaondoka nayo. Umri wa shule ulipofika baba alimpeleka akiwa na sare mpya. Mwalimu alimrudisha kabla ya mapumziko, akasema hawezi kumfundisha mtoto asiyeitika jina lake. Baba hakubishana. Aliikunja sare akaitia sandukuni. Tangu siku hiyo Kemi akapewa kazi ya kulinda kahawa iliyoanikwa, kuku na mbuzi wasiikanyage, akawa anakaa uani kwenye kigoda na ufito mkononi tangu jua linapopanda. Watu wa kijiji walimwita Bubu. Hawakumaanisha ubaya, ndivyo walivyozoea. Hata baba, mtu mpole, alimpitia asubuhi kama unavyopitia chungu kilichojaa maji, kwa uangalifu, bila kusema nacho.

Jumapili nilikwenda naye kwa Ta Kaiza kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia. Mwanzoni wanawake walisema, "Huyu anakuja kufanya nini, naye hasikii?" Ta Kaiza akawajibu, "Kwani ninyi mnasikia Kichina?" Wakacheka, Kemi akapata nafasi yake kwenye jamvi, mbele, karibu na kioo.

Alikuwa hatazami kama sisi. Sisi tulipiga kelele, tulikula karanga, tulisubiri fimbo ya Ta Kaiza ituambie nani mwema na nani mbaya. Kemi hakusubiri fimbo. Hata kupepesa alipepesa kwa uchache, kama anayeogopa kuibiwa. Walipopigana alijua nani atashinda kabla hawajaanza, akanibana mkono. Niliona ni bahati tu.

Kisha ikaja ile Jumapili ya mtu aliyefunika uso. Muuaji alikuwa amerudi. Aliingia nyumbani kwa jemadari, akaiba barua ya mfalme, akapita uani taratibu, akaruka ukuta. Ta Kaiza akasoma maandishi, akasema ni jambazi kutoka kaskazini. Wanawake wakaanza kubishana. Bibi yangu alisema ni yule mke mdogo wa mfalme aliyevaa nguo za kiume. Mwingine akasema ni jemadari mwenyewe, anajiibia.

Kemi akasimama. Akaenda mbele ya tivii akageuka atutazame.

"Mketisheni huyo, anaziba," bibi akasema.

Hakuketi. Aliinama kidogo, akatembea hatua za yule mwizi, mguu wa kulia ukiburuta kidogo nyuma, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona. Mkono wa kushoto akauficha nyuma ya kiuno, na kidole gumba kikawa kinasugua kidole cha pete, taratibu, kama mtu anayepukuchua punje. Kisha akakimbilia boksi la diski, akachomoa moja, akatuwekea kidole juu ya picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe.

Sebule nzima ikalipuka kwa kicheko.

"Mwalimu? Mwalimu wa watu?" Bibi alifuta machozi. "Anamsingizia mzee wa watu!"

Hata Ta Kaiza alicheka. Akamshika Kemi bega akamrudisha kwenye jamvi. "Huyo ni mtu mwema, mama. Ndiye aliyemlea." Kemi alitutazama mmoja mmoja tukicheka, akajikunja, akaegemeza kidevu magotini. Njia nzima ya kurudi hakutaka nimshike mkono.

Jumapili iliyofuata, kwenye pigano la mvua yenye jua, Mama Mwavuli alimkata mwizi kitambaa cha uso. Zikatokea ndevu nyeupe.

Muziki uliendelea peke yake. Ta Kaiza hakusoma maandishi. Alibonyeza deki, picha ikasimama na Mwalimu amefumbua mdomo, akaweka fimbo chini, akaja mpaka kwenye jamvi akachuchumaa mbele ya mdogo wangu.

"Ulijuaje?" akamuuliza. Akakumbuka. Akafungua viganja vyake viwili mbele yake, akanyanyua mabega, macho yakiuliza.

Kemi akamwonyesha kidole gumba kinachosugua kidole cha pete. Kisha akashika ndevu zisizokuwepo, na mkono mwingine ukafanya vilevile. Mwalimu, akinywa chai, akifundisha, akimbariki mtoto, siku zote alikuwa akisugua kidole. Nasi tulikuwa tumemtazama mwezi baada ya mwezi.

Bibi yangu alisema taratibu, kwa Kinyambo, kana kwamba yuko kanisani, "Kumbe alikuwa humu wakati wote." Hata leo sijui kama alimaanisha Mwalimu au Kemi.

Kesho yake alasiri Ta Kaiza alikuja kwetu. Nilimsalimu, nikamletea kigoda, nikarudi kwenye kahawa kumsaidia mama kuigeuza, masikio yote yakiwa kwao. Alikaa na baba, wakatafuna buni, wakaongelea mvua, na bei, na ng'ombe wa watu walioingia shambani upande wa Kihanga. Kisha akasema:

"Mwanao ana akili."

"Yupi?" baba akauliza. Ndivyo alivyouliza.

"Kemilembe."

Baba alimtazama Kemi, aliyekuwa akimfukuza kuku. "Akili za kutazama picha?"

"Akili ni akili. Nimemwona. Iko shule ya watoto wasiosikia, upande wa ziwani, watu wa kanisa wanaifahamu. Wanafundishwa kusoma kwa mikono na macho. Naweza kuwauliza."

Bibi alisikia kutoka mlangoni. Yeye aliyeshangaa jana yake kuliko wote, sasa alikuja juu. "Mtoto asiyeweza hata kupiga yowe mumpeleke kwa watu? Akiugua atamwambia nani? Watu watasema tumemtupa."

Mama aliendelea kugeuza buni kwa viganja, lakini alikuwa akigeuza mahali palepale, mpaka chini ya mkono wake likabaki jamvi tupu.

"Nitafikiri," baba akasema. Sisi watoto wake tulijua maana yake. Baba alipotaka jambo alisema ndiyo. Alipokataa alisema atafikiri.

Siku zikapita, hakuna aliyelitaja tena. Nami sikuthubutu.

Ilikuwa alasiri moja yenye mawingu mepesi, baba amekaa uani anachonga mpini wa jembe. Bibi alikuwa amelala ndani, mimi na mama tunamenya ndizi barazani. Kemi aliinuka kwenye kigoda chake, akakata jani la mgomba, akalishika juu ya kichwa, akaenda kusimama mbele ya baba. Baba alimwashiria aondoke, atapigwa na vipande vya mti. Hakuondoka.

Akaanza. Alikuwa mtoto mdogo chini ya mwavuli, amemshika mkono mtu mkubwa. Akawa yule mtu mkubwa, ana upanga, anacheka. Akafunika uso kwa kiganja, akawa mwingine, anaburuta mguu. Alichoma. Akarudi kuwa baba mtu, akaanguka taratibu juu ya majani makavu, akabaki amefumbua macho. Kisha mtoto akaja, akamtikisa, akamtikisa tena.

Baba aliacha kuchonga.

Kemi akainuka, akachora ndevu ndefu kutoka kidevuni mpaka tumboni. Mzee yule alimfuta mtoto machozi, alimlisha, alimfundisha kushika mwavuli hivi, kuruka hivi. Mtoto alimpenda, akaegemeza shavu kwenye mkono wake. Na ule mkono, nyuma ya mgongo, ulikuwa unasugua kidole. Kemi alimwonyesha baba kidole kile. Akamtazama kuhakikisha amekiona. Baba akaitikia kwa kichwa kwamba amekiona. Mwishowe likawa pigano, Kemi akizunguka na jani lake mpaka likachanika, akakata hewa karibu kabisa na uso wa baba, akavuta kitambaa kisichoonekana. Zikatoka ndevu. Akasimama pale, mikono imeshuka, na usoni mwake palikuwa na maumivu ya yule mwanamke yote, makubwa kuliko umri wake.

Kisu kilikuwa kimelala mapajani mwa baba. Kisha akaniuliza bila kugeuka:

"Yule aliyemlea, ndiye aliyemuua baba yake?"

"Ndiye, baba."

"Na yeye hakujua."

"Hakujua."

Baba hakuwahi kukanyaga sebule ya Ta Kaiza Jumapili hata mara moja. Alisema picha ni uongo wa watu wasio na mashamba. Hakuna aliyekuwa amemsimulia.

"Ameniambia," akasema. Akamgeukia mama, na alikuwa kama mtu aliyeamshwa. "Umesikia? Huyu mtoto ameniambia."

Mama alijibu neno moja tu, ndizi na kisu mkononi. "Mpeleke."

Mwanzo wa muhula baba alimpeleka, nami nikaenda pamoja nao ili Kemi asiogope njiani. Bibi alikataa kuaga. Tulipokuwa tumeshafika barabarani alitufuata akihema, akamtia Kemi mfukoni senene waliokaangwa, wamefungwa kwenye jani, akarudi bila kutazama nyuma. Safari ilikuwa ya kutwa. Shuleni tuliwakuta wazazi wengine na watoto wao, na watoto wageni karibu wote walikuwa wakilia, wameng'ang'ania magauni na suruali. Baba alikuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuwa amenunua biskuti.

Lakini Kemi alisimama langoni, hakulia. Uani kulikuwa na watoto wengi wakubwa, na wote walikuwa wakizungumza kwa mikono. Mikono ilipanda, ilishuka, iligonga vifua, ilikata hewa. Mmoja alikuwa akisimulia jambo na wenzake watano wanacheka hawana sauti. Kemi aliangalia. Akauachia mkono wa baba. Akapiga hatua mbele, akakunja ngumi, akaifunika kwa kiganja, akainama kama wanavyosalimiana mabingwa wa Kichina kabla ya kupigana. Wasichana waliokuwa karibu walistaajabu, kisha mmoja akacheka, akakunja ngumi, akainama naye. Wakamchukua. Baba alibaki na biskuti zake. Alivua kofia, akajifuta nayo uso mzima, akasema kuna vumbi.

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa nimejifunza lugha yake vya kutosha kuelewa mambo marefu, Kemi alinieleza. Sisi tulikuwa tukitazama Wachina wanaosema maneno tusiyoyajua. Yeye alikuwa akiona nchi ya watu wanaosema kwa mikono. Walisalimiana kwa ngumi, walikataa kwa kupepea mkono wa joho, waligusa mtu kwa vidole viwili akaganda asiweze kutembea. Midomo yao ilichezacheza, lakini midomo ya watu wote huchezacheza, na yeye alikuwa ameshazoea kutoijali. Alijua kuna mahali nchi hiyo iko. Siku ile langoni aliamini amefika. "Wiki ya kwanza yote," alinieleza, uso ukicheka, "nilikuwa nawatafuta wenye mapanga."

Leo Kemi ni fundi wa nguo pale Nkwenda, ana cherehani mbili na msichana anayejifunza kazi kwake. Nilipompelekea lile boksi alitazama diski moja, akaona kamba, akaona jiwe linavyodunda, akanitazama kwa huruma. Yeye hakumbuki kwamba ilikuwa nzuri. Haipendi hata kidogo. Mimi ndiye ninayeipenda, na kila ubovu wake umo ndani ya penzi hilo. Kama maandishi yale yangesomeka vizuri, kama Ta Kaiza angeelewa kila neno na kutueleza, sote tungekuwa tumetazama fimbo yake, na pengine hakuna ambaye angegeuka kumtazama msichana wa kwenye jamvi. Ndilo nililotaka kulisema kaburini. Nilitaka kumshukuru mzee yule kwa tafsiri zake mbovu, kwa betri yake, na kwa siku aliyoweka fimbo chini.

Likizo ya kwanza Kemi alirudi mchana, mama akiwa jikoni. Alikuwa amerefuka, viatu vinang'aa. Mama alikuwa akimenya ndizi, mikono yote imejaa utomvu, kichwa kimeinama juu ya karai, hakumwona akiingia. Zamani Kemi alipomtaka mama alimvuta kanga, au aligonga kitu chini, au alisubiri tu mpaka atazamwe. Safari hii alizunguka karai, akachuchumaa mahali ambapo mama asingeweza kumkosa. Akainua mkono, akafanya ishara ndogo kando ya shavu lake, akamwonyesha mama kwa kidole. Mama hakuelewa. Kemi akarudia: ishara ile, kisha kidole. Ishara ile, kisha kidole. Nilikuwa mlangoni na begi lake, na nilielewa kabla ya mama.

"Mama," nikasema, "anakuita."

Kisu kilianguka kwenye karai. Mama alimtazama, na mikono yake yenye utomvu ilibaki hewani, haijui pa kwenda. Kwetu mama hamwitikii mtoto wake kwa heshima. Husema "eeh", au "nini tena". Lakini mama alinyoosha mgongo, akaitika kwa sauti, kama anayeitwa na mtu mkubwa sana:

"Abee."